Shavu la Bi Zuleha

Mwanvita binti Sufiani hakuwa mtu wa kupayuka. Siku alipoachwa na mumewe, watu wa Mkuyuni walimwona akiteremka milimani na bodaboda, begi moja mapajani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kwa sababu ya moto, na hakuna aliyemsikia akilaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akafagia kibanda, kesho yake akaanza kupalilia mananasi. Mama yake, Mwajuma, alidhani binti amepoa. Hakuwa amepoa. Alikuwa na jina moja kinywani, jina la Bi Zuleha, aliyekuwa mama mkwe wake, na alilitafuna kimyakimya kila alipoinama na jembe.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanvita alianza kuanguka kifafa utotoni, baada ya homa kali iliyompotezea fahamu. Walihangaika naye miaka mingi, kombe na hirizi na mafusho, mpaka alipofikishwa kliniki mjini Morogoro akaandikiwa vidonge vya kabamazepini, asubuhi na jioni. Kifafa kikanyamaza. Alipokuja kuposwa na Kibwana, mkulima wa Kinole, hakumficha. Kibwana alisema kila mtu ana ugonjwa wake, akamwoa, wakaishi kwenye kiwanja cha mama yake huko juu. Lakini Bi Zuleha hakuambiwa. Kibwana aliona si lazima.

Mwanvita alipokuwa na mimba ya miezi saba, Bi Zuleha aliliona kopo la vidonge, akaulizia sokoni ni dawa ya nini. Alirudi na majibu mawili: kwamba ni dawa ya kifafa, na kwamba dawa za kifafa zinaharibu mtoto tumboni. Hilo la pili halikuwa uongo mtupu. Daktari wa kliniki alikuwa amekwisha kumweleza Mwanvita kuwa dawa hizo zina hatari yake kwa mimba, na kwa ajili hiyo akampa vidonge vya foliki asidi vya kumkinga mtoto, ila akamsisitizia kuwa kuziacha ghafla ni hatari kubwa kuliko kuzimeza. Mwanvita alijaribu kumweleza mama mkwe wake hayo yote. Bi Zuleha alisikiliza mpaka mwisho, akasema mjukuu wake hazaliwi na sumu. Siku iliyofuata, Mwanvita alipokwenda kuteka maji, Bi Zuleha alilichukua lile kopo akavimwaga vidonge chooni.

Kibwana alimwambia mkewe asubiri, atashuka mjini akimaliza kuvuna. Hakumaliza kuvuna. Kifafa kilirudi kama mtu aliyefungiwa kwa muda mrefu. Kilimwangusha Mwanvita jikoni, mkono ukaingia motoni, na kabla hajazinduka kikaja kingine, na kingine juu yake. Alipopata fahamu alikuwa hospitali, na mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Alikuwa wa kike. Waliokuja kuhani waliambiwa na Bi Zuleha kwamba jini la mkaza mwana wake ndilo lililomla mtoto. Kibwana alikuwepo, alijua ukweli, akaangalia chini. Kidonda cha mkono hakijakauka, talaka ikatolewa.

Ndivyo alivyorudi Mkuyuni.

Alianza tena vidonge vyake, kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, na kila mwezi akawa anakwenda mjini siku ya kliniki. Wagonjwa wa kifafa walikaa kwenye benchi refu kwenye veranda, na mpita njia yeyote alijua benchi lile ni la akina nani. Hapo ndipo alipozoeana na Mwalimu Rosa, mstaafu kutoka Turiani, mama mnene mwenye maneno mengi, ambaye hakuwahi kuanguka kifafa hata siku moja. Mwalimu Rosa alikuwa na ugonjwa wa shavu. Alimsimulia Mwanvita kwamba maumivu yalikuwa yanampiga upande mmoja wa uso kama umeme, ghafla, kisha yanaachia, kisha yanapiga tena. Upepo ukimgusa, umeme. Akitafuna, umeme. Akinena, umeme. Alidhani ni meno, akang'oa moja baada ya jingine, na meno mazima yakaenda bure. Mwishowe ikagundulika kuwa mshipa wa fahamu wa usoni ndio wenye hitilafu, na dawa iliyomtuliza ni hii hii ya kifafa. "Tunakula sahani moja mimi na wewe," alimwambia Mwanvita, "ila kila mtu na njaa yake."

Mwanvita alicheka siku hiyo, hakuwaza zaidi.

Habari zilimfikia msimu wa mananasi. Mchuuzi mmoja aliyeteremka kutoka Kinole alisema Bi Zuleha amepatikana. Hanawi uso, halali upande wa kulia, hali ugali, anakunywa uji kwa mrija. Meno yote ya upande ule ameng'oa na bado analia. Waganga wamekwisha kuitwa. Mwanvita alikuwa anapanga mananasi chini, akaacha nanasi mkononi. Alijua palepale. Alijua ni ugonjwa gani, alijua na dawa yake ni ipi, na dawa yenyewe ilikuwa kwenye kopo, juu ya kabati lake.

Akaendelea kupanga mananasi.

Kwa mara ya kwanza tangu azike mtoto wake, chakula kilikuwa na ladha. Alikula akimfikiria yule mama na mrija wake. Mama yake alishangaa kumsikia akiimba akiosha vyombo. Mwanvita hakumwambia mtu. Kulipiza kisasi kwenyewe kulikuwa kunyamaza tu, na yeye alikuwa hodari wa kunyamaza.

Lakini kusikia hakukumtosha, alitaka kuona. Kulipotokea msiba Kinole, wa jamaa wa mbali ambaye Mwanvita naye alikuwa na haki ya kumzika, alijitanda kanga akapanda. Alimkuta Bi Zuleha amekaa pembeni ya akina mama, kajifunika upande mmoja wa uso, amekonda mpaka shingo imekuwa kama ya kuku. Mwanvita hakumkwepa. Alimwendea, akapiga goti mbele yake kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, watu wote wakitazama.

"Shikamoo, mama."

Bi Zuleha alimwangalia. Asingeweza kuiacha shikamoo ikining'inia mbele za watu. "Marahaba," alisema, na umeme ukampiga. Jicho la kulia likafumba lenyewe, machozi yakamtoka.

Mwanvita alisubiri utulie. Kisha akampa pole ya msiba, na Bi Zuleha ikambidi aseme ahsante. Akamuuliza hali yake, akamuuliza Kibwana hajambo, akamuuliza mashamba, akamuuliza mvua zimewakamata vipi huku juu. Kila swali lilikuwa la heshima na kila jibu lilimpita yule mama shavuni kama kisu. Wanawake waliokuwa karibu walisema binti huyu ana moyo, hana kinyongo. Mwanvita aliinuka pale goti lilipomchoka, akashuka kwao miguu myepesi.

Siku chache baadaye Kibwana alikuja Mkuyuni. Alisimama nje ya kibanda, kofia mkononi, akazunguka sana kabla ya kufika. Mwishowe alisema mganga ameona kitu. Ameona mwanamke aliyeondoka nyumbani kwao na machungu, na kwamba ni yeye tu anayeweza kulitoa alilolitia. Alikuwa amekuja kuomba.

Mwanvita angeweza kumwambia kuwa hakutia chochote. Alimwangalia mwanaume aliyekuwa ameangalia chini siku ya matanga, akaona raha kumwacha na hofu yake. "Umeniambia. Nimesikia," alisema, akaingia ndani.

Mwajuma alikuwa amesikia yote akiwa uani. Alimuuliza binti yake kwa nini anawaacha watu wamwite mchawi. Mwanvita alimjibu kwamba walipomsingizia jini hawakumuuliza.

Angeweza kukaa hivyo mpaka mwisho. Kilichombadilisha hakikuwa huruma. Siku ya kliniki, akiwa benchini, alimuuliza Mwalimu Rosa kama mchezo: mtu mwenye ugonjwa ule asipopata dawa huwaje? Mwalimu Rosa alimsogelea. Kisha akasema kwamba yeye alikwisha kununua sumu ya panya, akaificha stoo, na kama mwanawe asingemleta mjini wiki ile angekuwa ameinywa. Alisema wengi huishia hapo.

Mwanvita alirudi nyumbani na neno hilo. Hakutaka Bi Zuleha afe. Mtu aliyekufa haumwi, wala hasemi. Na kulikuwa na kitu alichotaka Bi Zuleha akiseme. Alimtumia Kibwana ujumbe: amlete mama yake mjini siku ya kliniki, na amwambie wazi kuwa wanakwenda kliniki ya kifafa. Asiletwe kwa kufichwa.

Walikuja. Bi Zuleha alipoliona benchi na watu waliokaa juu yake alisimama. Kijana mmoja alikuwa na kovu kubwa usoni. Mtoto wa kike alikuwa amelala mapajani kwa mama yake, udenda ukimtoka. Mwanvita alijisogeza, akapiga mkono nafasi iliyobaki. Yule mama alikaa.

Mwanvita alitoa kopo lake kwenye mkoba, akalifungua, akamwekea kidonge kimoja kiganjani. Hakushusha sauti.

"Unakijua hiki?"

Bi Zuleha alitikisa kichwa kuwa hakijui.

"Unakijua. Ulivimwaga chooni. Ugonjwa wako hakuna aliyekutia, ni mshipa, na dawa yake ni hii. Daktari yupo mlango ule pale, nitakupeleka mwenyewe. Lakini kwanza umwambie mwanao, mbele ya watu hawa, mtoto wangu aliuawa na nini."

Kibwana alisema jamani, mama hawezi kuongea. Mwanvita hakumtazama. Bi Zuleha aliondoa kanga usoni, taratibu, kama anayebandua ngozi. Alifungua mdomo mara ya kwanza, umeme ukamrudisha. Alijaribu tena.

"Mimi," alisema. Machozi yalikuwa yanateremka na haikujulikana ni ya nini. "Si jini. Nilimwaga dawa. Ni mimi."

Kibwana aliangalia chini. Mwanvita alimwambia Kibwana ainue uso, akauinua.

Daktari Godfrey alimpima Bi Zuleha, akamuuliza maswali, akathibitisha ni ule ugonjwa wa mshipa. Alimwandikia dozi ndogo ya kuanzia, akamwambia itapandishwa polepole na yeye, si na mgonjwa. Alisema kizunguzungu na usingizi vitakuja na vitapungua, na kwamba asiache dawa kwa kujiamulia. Kisha akanyanyua kidole. Jambo moja tu lingemfanya aache palepale bila kumuuliza mtu: akiona vipele mwilini, au vidonda mdomoni, au macho kuwa mekundu. Si wengi wanaopata hivyo, alisema, lakini anayepata na kuendelea kumeza, ngozi humbanduka kama aliyemwagiwa maji ya moto, na wengine hufa. Mwanvita alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yote, na alikuwa ameshawahi kuyasikia siku aliyoanza yeye.

Dawa ilishika. Baada ya siku chache Bi Zuleha alikula ugali na mlenda, akaosha uso kwa mikono miwili. Habari zilipofika Mkuyuni Mwanvita alitegemea kusikia kitu ndani yake kikifunguka. Hakikufunguka. Alikuwa amelipata lile neno, limesemwa, na mtoto wake alikuwa bado yuko chini ya udongo wa Kinole. Sasa yule mama alikuwa analala usingizi mnono kwa vidonge vilevile. Hasira ilirudi, safari hii ikiwa haina pa kwenda.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko Kibwana alipopita na mzigo wa ndizi. Alisimama sokoni kwenye meza ya Mwanvita kusalimia, kwa kuwa siku hizi alijiona anaweza kusimama. Alisema mama anaendelea vizuri, shavu limetulia kabisa, ila ameshikwa na mafua. Macho mekundu, midomo imechanika, na kifuani ametoka vijipele. Wanadhani ni joto la kanga alizokuwa anajifunika. Tena, alisema akicheka, mama ameipenda dawa mpaka anajiongezea.

Mwanvita alimsikia. Kila neno lilimwingia mahali pake. Alimuuliza bei ya ndizi imekaaje.

Kibwana akaondoka na mzigo wake kuelekea mjini. Mwanvita alikaa nyuma ya mananasi yake. Alijisemea kuwa daktari amekwisha kuwaonya, wana masikio. Alijisemea kuwa hakumpa yeye dawa, ameandikiwa. Alijisemea kuwa aliyeua kwa kumnyang'anya mtu dawa akifa kwa kuikumbatia, Mungu si Athumani. Wateja walikuja wakauliza, akawajibu. Jua lilivuka kichwani, kivuli cha turubai kikahamia upande wa pili, na muda wote huo alikuwa anaiona ngozi ikiachana na nyama. Alitaka ile picha imfurahishe kama ulivyomfurahisha uji wa mrija. Aliitazama kwa bidii. Haikumfurahisha. Na hilo nalo likamkasirisha.

Adhana ya alasiri ilipomalizika alimwachia jirani meza yake. Alipiga simu ya Kibwana, haikupatikana. Huko juu kwa Bi Zuleha nako mtandao haukuwa wa kutegemewa. Akaita bodaboda.

Alimkuta Bi Zuleha kitandani, midomo imevimba na kuwa na magamba meusi, kope zimegandana. Vipele vya kifuani vilikuwa vimekuwa malengelenge. Kopo la dawa lilikuwa limefichwa chini ya mto na mkono wake ulikuwa juu yake. Mwanvita alimwambia alitoe, wanakwenda hospitali sasa hivi, asimeze hata kimoja tena.

"Unataka nirudi kule kwenye shavu," alisema yule mama kwa shida. "Hujaridhika."

"Sijaridhika," alisema Mwanvita. "Lakini hicho unachomeza sasa kinakuua. Ningetaka ufe ningebaki sokoni."

Bi Zuleha aliminya lile kopo. Alikuwa anaogopa maumivu kuliko kifo, na Mwanvita alimwona anavyoogopa. Hakubishana naye. Alikwenda kwa majirani akatafuta gari la mtu anayepakia ndizi, akawaomba wanaume wawili wamnyanyue na godoro lake. Njia nzima alikaa naye nyuma, amemshika asigongwe, na hakumwambia neno la kumpoza.

Alilazwa muda mrefu. Ngozi ya kifua na mgongo ilibanduka, na wauguzi walimhudumia kama mtu aliyeungua moto. Hakufa. Jicho moja lilibaki na ukungu. Walimbadilishia dawa ya shavu, wakampa ya aina nyingine, ambayo ilimsaidia kwa kiasi, si kama ile. Siku nyingine umeme ulimpiga, siku nyingine ulimwacha.

Daktari Godfrey alimwambia Kibwana kwamba wangechelewa siku moja zaidi wangekuwa wanazungumza mengine. Kibwana alimfuata Mwanvita kwenye uwanja wa hospitali, akaanza kumshukuru, akasema hajui atamlipa nini, akasema hata yale ya zamani wangeweza kuyazungumza upya. Mwanvita alimkatiza.

"Usinishukuru. Nilijua tangu asubuhi, ulipokuwa umesimama mbele yangu. Nilikaa mpaka alasiri."

Kibwana aliuliza: "Kwa nini uliinuka, basi?"

Mwanvita alitaka kumpa jibu la kweli. "Sijui," alisema. "Ila kwako sirudi. Hilo nalijua."

Huko Kinole watu walijijengea habari yao: kwamba binti wa Mkuyuni alimtia yule mama ugonjwa, akautoa, akamchuna ngozi, kisha akamwacha hai ili aonwe. Wengine walianza kumpisha njia. Mwajuma aliumia sana kwa maneno hayo, akataka waende kwa mwenyekiti wa kijiji kulisafisha jina. Mwanvita alimkataza. Alisema wanaomwogopa hawatamwaga tena dawa ya mtu.

Mvua za masika zilipoanza, Kibwana alituma mtu. Bi Zuleha alikuwa amerudi nyumbani, anatembea kwa kushikwa mkono, na alikuwa anaomba asamehewe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Aliyetumwa alikuwa mzee mmoja mpole, akakaa kwenye mkeka akasubiri jibu. Mwanvita alimpa maji ya kunywa, akamkatia nanasi. Alimuuliza kama Bi Zuleha anapata dawa yake mpya bila kukosa, akaambiwa anapata. Alimuuliza kama kaburi la mtoto limepaliliwa, akaambiwa mama mwenyewe hulipalilia kwa kupapasa, kwa kuwa haoni vizuri.

Mwanvita alimkatia kipande kingine cha nanasi, mvua ikipiga bati.

"Mwambie bado," alisema. "Siku nikiwa tayari nitapanda mwenyewe nimwambie. Asitume mtu mwingine."

Mzee alishukuru kwa nanasi, akafungua mwavuli, akaondoka.